Mtoto Anapokuwa Mdomo wa Nyumba: Familia za Nyarugusu katika Miji ya Marekani

Dominika ya Familia Takatifu, tarehe 28 Desemba 2025, Mama Kanisa alitusomea Injili ya Mathayo juu ya kukimbilia Misri. Yosefu anaamshwa usingizini, anamchukua mtoto na mama yake, wanaondoka usiku uleule. Mwinjili anatueleza sababu ya safari hiyo, na anatueleza pia jinsi walivyorudi. Juu ya maisha yao huko Misri hasemi neno. Hatujui walipanga nyumba kwa nani, Yosefu aliwapataje wateja wa kazi yake, wala Maria alinunuaje unga kwa watu ambao lugha yao haikuwa lugha yake. Papa Pio XII, katika Katiba ya Kitume Exsul Familia ya tarehe 1 Agosti 1952, aliiweka familia hiyo iliyo uhamishoni kuwa kielelezo cha kila familia ya wakimbizi, na tangu hapo wahubiri wengi wamesema juu ya usiku ule wa safari. Makala hii inahusu kile kipindi cha katikati ambacho Injili imekinyamazia: siku za kawaida za baba, mama na watoto wadogo katika mji wa ugeni.

Sisi wa mkoa wa Kigoma hatuhitaji kuelezwa mkimbizi ni nani. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ipo tangu mwaka 1996, na waliozaliwa humo sasa nao wana watoto. Wakongo wengi waliomo walitoka Kivu ya Kusini, upande wa Fizi na Uvira, ng'ambo tu ya ziwa letu. Kuanzia mwaka 2015 Marekani iliwapokea wengi wao kwa utaratibu wa makundi, na mabasi ya Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM) yakawa jambo la kuzoeleka: watu wamevaa nguo zao nzuri kuliko zote, nyimbo, machozi, kisha vumbi. Walikopelekwa ni Kentucky, Ohio, Texas, Arizona, Iowa, majina ambayo leo hata mama muuza dagaa anayafahamu kwa sababu ana mtu wake huko. Katika mwaka wa fedha wa serikali ya Marekani uliomalizika Septemba 2024, nchi hiyo ilipokea wakimbizi zaidi kidogo ya 100,000, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ndiyo iliyotoa wengi kuliko nchi nyingine yoyote.

Yaliyofuata yanajulikana. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha mpango wa kuwapokea wakimbizi, nayo ikaanza kutumika tarehe 27 mwezi huohuo. Siku hiyohiyo waasi wa M23 walitangaza kuutwaa mji wa Goma, na mwezi uliofuata Bukavu nao ukaangukia mikononi mwao. Mlango wa mbele ulifungwa siku ambayo nyumba ya nyuma iliwaka moto. Mwezi Aprili Baraza la Maaskofu Katoliki Marekani lilitangaza kwamba halitahuisha mikataba yake na serikali ya kuwahudumia wakimbizi, kazi lililoifanya kwa miongo mingi, kwa sababu bila ushirikiano wa serikali haikuwezekana kuiendeleza kwa namna ileile. Tarehe 30 Oktoba 2025 ikatangazwa kwamba kwa mwaka wa fedha 2026 watapokelewa wakimbizi 7,500 tu, na nafasi nyingi zimewekwa kwa ajili ya Waafrikana, yaani Makaburu wa Afrika Kusini. Kuna familia Nyarugusu zilizokwisha kugawa vyombo vyao zikisubiri tarehe ya ndege.

Hayo yameandikwa sana, na yanastahili kuandikwa. Lakini yamefunika jambo jingine. Maelfu ya familia zilikwisha kufika kabla mlango haujafungwa, na kwetu huku zinahesabiwa kuwa zimeokoka: zina umeme, zina shule, zinatuma picha za theluji. Kinachoendelea ndani ya nyumba hizo hatukioni katika picha.

Tuchukue mji mmoja, Louisville katika jimbo la Kentucky, kando ya mto Ohio, na tuifuate familia ya mfano. Hatuipi jina, ingawa wanaparokia wengi wa Kasulu watadhani wanaifahamu. Baba, mama, binti wa miaka 12, mvulana wa miaka 9, mdogo wao wa miaka 6, na kitoto cha mgongoni. Wanashuka uwanja wa ndege wakiwa wameushika ule mfuko mweupe wa IOM wenye nyaraka zao, ambao waliambiwa tangu Dar es Salaam wasiuachie hata wakienda msalani. Nauli ya ndege waliyopandia ni mkopo. Hauna riba, lakini wazazi wametia saini kwamba wataulipa, na malipo yanaanza miezi michache tu baada ya kufika. Shirika lililowapokea limewaandalia nyumba ya kupanga yenye vitanda na jiko. Utaratibu uliokuwepo ulikuwa kuwashika mkono kwa siku 90 za kwanza: kuwaandikisha watoto shuleni, kuwapeleka hospitali wakapimwe, kumtafutia baba kazi. Siku ya 91 mtu anatarajiwa kutembea mwenyewe.

Kazi inapatikana, hilo ni la kushukuru. Uwanja wa ndege wa Louisville ndio kitovu kikuu cha kampuni ya vifurushi ya UPS, ambako mizigo hupangwa usiku kucha, na kuzunguka shughuli hiyo kuna maghala na viwanda vingi vinavyotafuta watu wa zamu. Kazi ya zamu ya usiku haidai Kiingereza kingi. Inadai mgongo. Ukisimama katika mstari wa mizigo pamoja na Wakongo wenzako na Warundi, mashine zikinguruma, unaweza kumaliza mwaka mzima ukiwa umejifunza maneno thelathini. Baba anarudi alfajiri. Mwezi Desemba jua la huko huchomoza karibu saa 2 asubuhi, hivyo watoto wanangoja basi la shule gizani, na yeye anaingia kulala wao wakiwa wanatoka. Madarasa ya Kiingereza ya watu wazima yapo, tena mengi ni ya bure, lakini ni ya wenye saa za kuhudhuria.

Watoto, kwa upande wao, wamewekwa mahali penye lugha kutwa nzima. Shule za huko humpanga mtoto darasa kwa umri wake, si kwa alipoishia. Binti aliyekuwa akifuata mtaala wa Kongo kambini, kwa Kifaransa na Kiswahili, anajikuta kati ya wenzake wa miaka 12 akisoma sayansi kwa lugha asiyoijua. Mwaka wa kwanza ni mgumu kuliko tunavyodhani. Mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani Nyarugusu anaweza kukaa miezi bila kufungua kinywa. Kisha, siku moja, kinafunguka. Mdogo wake wa miaka 6 anafunguka mapema zaidi, na kwa lafudhi ya mtaani kabisa.

Hapo ndipo nyumba inapogeuka.

Barua ya mwenye nyumba ikija, anaisoma binti. Kampuni ya umeme ikipiga simu, anapokea binti. Fomu ya shule ya mdogo wake anaijaza binti na mama anaweka saini pale anapoonyeshwa kwa kidole. Binti anajua kodi ni kiasi gani na kwamba mwezi huu haitoshi. Anajua deni la nauli. Katika kikao cha mwalimu na mzazi, yeye ndiye anayetafsiri malalamiko ya mwalimu juu ya kaka yake, na mara nyingine juu yake mwenyewe. Si ajabu mama akatoka kikaoni akiwa na furaha isiyo na msingi. Hilo linachekesha kidogo. Halichekeshi tena hospitalini, pale msichana wa miaka 12 anapogeuzwa kuwa ndiye wa kumwambia mama yake kwamba mimba aliyonayo haina uhai. Mtoto hakuumbwa kubeba sentensi hiyo.

Jambo ambalo familia nyingi hazilijui ni kwamba sheria ya Marekani yenyewe haitaki iwe hivyo. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inakataza taasisi inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na Mahakama Kuu ya nchi hiyo, katika shauri la Lau dhidi ya Nichols mwaka 1974, iliamua kwamba shule haiwezi kumwacha mtoto asiyejua Kiingereza akae tu darasani bila kusaidiwa. Kutokana na msingi huo shule zinawajibika kuwasiliana na wazazi kwa lugha wanayoielewa. Kanuni za afya ni kali zaidi: hospitali haitakiwi kumtumia mtoto kama mkalimani isipokuwa kwa dharura, wakati mkalimani mwenye sifa hajapatikana. Tarehe 1 Machi 2025 Rais alitia saini amri inayokifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya nchi na kufuta amri ya mwaka 2000 iliyozitaka ofisi za serikali kuwahudumia wasiojua Kiingereza. Lakini amri ya Rais haifuti sheria ya Bunge, na haki ya mkalimani katika shule na hospitali bado ipo.

Ipo kwa anayeiomba. Mama wetu haiombi. Ameulizwa mapokezi kama anahitaji mkalimani, naye, kwa adabu ya kutotaka kusumbua watu, amejibu kwamba ana mtoto wake. Pengine aliwahi kumkubali mkalimani wa simu mara moja, ikatokea sauti ya mtu wa pwani akizungumza Kiswahili sanifu chepesi, cha haraka, na yeye akaitikia kila kitu bila kuelewa nusu yake. Tunajua wenyewe hapa Kasulu: Kiswahili cha Fizi si cha Tanga. Mtu anayesema anakwenda «ku masomo» akimaanisha shuleni, na aliyelelewa kwa Kibembe mpaka miaka kumi, anaandikwa kwenye fomu kuwa ni msemaji wa Kiswahili, basi. Anayo haki ya kusema kwamba hakuelewa na kutaka mkalimani mwingine. Ndugu wanaoongea nao kwa simu kila wiki wangeweza kuwaambia hilo, nalo lingekuwa na faida kuliko salamu nyingi.

Majina nayo yana mchezo wake. Kwa desturi ya Wakongo watoto wa baba mmoja wanaweza kila mmoja kuwa na jina lake kamili, bila jina la ukoo la pamoja. Karani wa shule wa Kimarekani anaona watoto wanne wenye majina manne tofauti na wazazi wawili wenye majina mengine mawili, na anauliza, bila ubaya, ni nani mzazi wa nani. Anayejibu swali hilo, tena, ni mtoto.

Twende sasa kwenye jambo linalolalamikiwa zaidi katika simu zinazotufikia. Wazazi wanasema: watoto wametushinda, hawasikii, ukimgusa anatishia kupiga 911. Huku kwetu maneno hayo huhitimishwa kwa sentensi moja, kwamba Marekani imewaharibu watoto na sheria zake zimewanyang'anya wazazi fimbo. Naona hitimisho hilo ni la haraka. Ni kweli kwamba mwalimu akiona alama ya kiboko mwilini mwa mtoto anawajibika kisheria kutoa taarifa, na ofisa wa ustawi wa jamii anaweza kubisha hodi jioni hiyohiyo. Ni kweli pia kwamba kumwacha binti wa miaka 12 alee wadogo zake usiku kucha, jambo la kawaida kabisa kambini, huko linaweza kuitwa utelekezaji. Mambo haya yanapaswa kufundishwa mapema na kwa uwazi, kwani familia zimeumia kwa kutoyajua. Lakini mamlaka ya baba hayakukaa kwenye fimbo hata hapa Nyarugusu. Yalikaa kwenye kujua: baba alijua njia, alijua watu, alijua la kumwambia mwenye mamlaka. Leo anayejua ni mtoto. Tishio la 911 lina nguvu kwa sababu mtoto anajua kwamba akipiga, yeye ndiye atakayezungumza, na baba atasimama pembeni akiwa bubu.

Kitabu cha Nehemia, sura ya 13, kinasimulia kwamba baada ya kurudi kutoka uhamishoni, kiongozi huyo aligundua kuwa nusu ya watoto wa baadhi ya nyumba walisema Kiashdodi na hawakuweza kuzungumza lugha ya Wayahudi. Alikasirika mno hata akawapiga baadhi ya akina baba na kuwang'oa nywele. Dawa hiyo hatuipendekezi. Lakini alichokiona alikiona sawasawa: lugha ikikatika kati ya mzazi na mtoto, kuna kitu kingine kinachokatika pamoja nayo.

Lugha haikatiki kwa siku moja. Inaanza kwa nia njema, pale wazazi wanapoamua kuzungumza na watoto Kiingereza chao kidogo ili wasichelewe shuleni. Walimu wazuri wa huko wenyewe huwaambia wasifanye hivyo. Mtoto mwenye lugha ya nyumbani iliyo imara hujifunza ya pili kwa wepesi zaidi. Baada ya miaka miwili Kiswahili cha nyumbani kinabaki cha amri tu: njoo, kula, oga, lala, zima. Mtoto anaelewa kila amri. Ila hawezi kuuliza kwa lugha hiyo kwa nini babu alikufa, kwa nini tuliondoka Kongo, kama Mungu alituona tukiondoka. Na baba hawezi kumjibu kwa Kiingereza. Wanapendana na wanaishi chumba kwa chumba, lakini maswali makubwa hayana lugha ya kupitia.

Kwa Mkatoliki hili si suala la utamaduni peke yake. Mama Kanisa anafundisha kwamba wazazi ndio makatekista wa kwanza. Mvulana wetu wa miaka 9 anaandaliwa Komunyo ya Kwanza katika parokia ya Kimarekani, kwa Kiingereza, na katekista mwema asiyejua kwamba mtoto huyu alijifunza Salamu Maria akiwa mgongoni. Akirudi nyumbani na kitabu chake, mama hawezi kukisoma. Anaanza kuamini kwamba imani nayo, kama barua ya umeme, ni jambo la watoto kumfafanulia. Waraka Erga migrantes caritas Christi wa mwaka 2004, uliotolewa na Baraza la Kipapa lililoshughulikia wahamiaji, ulisisitiza kwamba wahamiaji wahudumiwe kichungaji kwa lugha yao, na Sheria ya Kanisa, kanuni ya 518, inaruhusu hata parokia iundwe kwa misingi ya lugha. Katika miji kadhaa ya Marekani Wakatoliki wa Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania wameanzisha Misa ya Kiswahili, mara nyingi moja kwa mwezi, mapadre wetu wanaosoma huko wakisafiri mbali kuiadhimisha. Ni kazi inayostahili heshima. Mara moja kwa mwezi, hata hivyo, ni kidogo kwa mtu ambaye wiki nzima hakusikika na yeyote, na kuna Wakatoliki wa Nyarugusu ambao leo wanasali katika makanisa ya kiroho ya Wakongo wenzao, si kwa kuyakataa mafundisho yetu, bali kwa sababu huko kuna mtu aliyewaambia «karibu, mama» kila Jumapili, tena kwa lugha yao.

Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambazo sisi tunazizoea kiasi cha kuzichoka, zingefaa huko kuliko kitu kingine chochote. Nyumba tano za ghorofa moja, Ijumaa jioni, Injili ya Dominika ikisomwa kwa Kiswahili na watoto wakiwa wamekaa chini. Hazihitaji padre wala ukumbi. Zinahitaji mtu aliyewahi kuwa mwenyekiti wa jumuiya Nyarugusu akumbuke kwamba bado ni mwenyekiti.

Hapo pia mama angepata mahali pa kumwambia binti yake kwamba leo hatatafsiri, leo ni mtoto.

Kuna kinaya kimoja katika sheria za uraia ambacho wazazi wangepaswa kukijua mapema. Mkimbizi anaweza kuomba uraia baada ya miaka mitano, na mzazi akipata uraia, watoto wake wa chini ya miaka 18 wanaoishi naye kwa ukaazi wa kudumu huupata moja kwa moja bila mtihani. Mtihani ni wa mzazi. Ni wa kusoma, kuandika na kuongea Kiingereza, pamoja na maswali ya historia na serikali. Kwa maombi yaliyowasilishwa tangu tarehe 20 Oktoba 2025 orodha ya maswali imeongezeka kutoka 100 hadi 128, mwombaji anaulizwa 20 na ni lazima ajibu sawasawa 12. Wapo wazee na wagonjwa wanaopewa unafuu, lakini baba wa miaka 38 si mmoja wao. Hivyo familia iliyoishi miaka mitano kwa mdomo wa binti inafika mahali ambapo binti haruhusiwi kuingia, na uraia wake yeye unangojea Kiingereza cha baba yake. Kila jioni aliyomwachia mtoto aongee kwa niaba yake ilikuwa ya mtihani huo.

Kwa hiyo Kiingereza kwa baba na Kiswahili kwa mtoto ni deni moja lenye pande mbili. Nabii Yeremia, katika barua yake kwa waliopelekwa Babeli, hakuwaambia wakae juu ya masanduku yao. Aliwataka wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto, wauombee mji ule amani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2241, nayo ina pande mbili: mataifa yenye uwezo yana wajibu wa kumpokea mgeni kadiri yanavyoweza, na mgeni ana wajibu wa kuheshimu kwa shukrani urithi wa nchi iliyompokea na kutii sheria zake. Anayesisitiza upande mmoja tu, huko Washington au hapa kwetu, amesoma nusu ya namba.

Neno juu ya fedha, kwa sababu nasi tumo. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 iliwaondoa wakimbizi wapya katika msaada wa chakula wa serikali mpaka wapate ukaazi wa kudumu, ambao wanaweza kuuomba baada ya mwaka mmoja tu. Familia iliyofika mwishoni mwa mwaka 2024, ikiwa na watoto wanne na mshahara mmoja wa usiku, iliipokea habari hiyo wakati deni la nauli limeanza kudaiwa. Simu inayopigwa kutoka Kasulu kuomba ada au bati inamkuta mtu huyo. Hasemi hana, kwani ni aibu mtu wa Amerika kukosa. Anaongeza zamu. Zamu hiyo anaitoa katika saa ambazo angekaa na watoto au darasani. Nasema haya bila kumlaumu anayeomba, maana wengi wanaoomba wana shida za kweli. Ila iko haja ya kuuliza kwanza hali ya nyumba.

Simu hiyohiyo ina kazi nyingine inayoweza kufanya bila gharama kubwa. Bibi aliyebaki Nyarugusu, ambaye jina lake lilikuwa kwenye orodha ya safari iliyofutwa, ndiye mwalimu bora wa Kiswahili na wa Kibembe aliye hai kwa wajukuu wake. Saa za huko ziko nyuma yetu kwa saa saba au nane kulingana na majira, kwa hiyo Jumamosi saa 11 jioni huku ni asubuhi kwao, na baba yupo. Asiongee na mwanawe tu juu ya shida. Aombe kupewa watoto, awasimulie, awaulize maswali yanayohitaji jibu refu, asali nao kumi moja ya Rozari. Vijana wa parokia wenye simu nzuri na kifurushi cha intaneti wanaweza kumpelekea bibi mmoja kila mmoja huduma hiyo.

Na kuna jambo moja lililo mikononi mwa ofisi zetu za parokia. Mtoto akiandikishwa Komunyo ya Kwanza au Kipaimara huko, parokia itaomba cheti cha ubatizo, na vyeti vingi vilipotea au viliachwa. Maombi yakija kwa barua pepe, yasikae. Makarani wakumbuke kwamba jina kwenye nyaraka za IOM mara nyingi limeandikwa tofauti na lilivyo katika daftari letu, na kwamba wakimbizi wengi wameandikiwa tarehe ya kuzaliwa 1 Januari hata kama daftari linasema Agosti. Litafutwe kwa jina la mama, kigango na mwaka; cheti kionyeshe jina kama lilivyo daftarini, na barua fupi iambatanishwe kueleza tofauti hiyo. Pale ambapo daftari halina kumbukumbu, kanuni ya 876 inaruhusu ubatizo uthibitishwe kwa tamko la shahidi mmoja asiye na shaka, mradi hakuna anayedhuriwa. Msimamizi wa ubatizo wa mtoto huyo, mara nyingi, bado yuko Nyarugusu, na katekista wa kigango anaweza kumpata kwa siku moja.